Jiwe la Mlangoni

Nilirudi Nebraska na neno moja mdomoni: asili.
Nililiokota Oaxaka, mwaka mzima nikila tako
zisizojua letusi wala jibini ya manjano,
kitunguu tu, kotimiri, na ndimu
iliyokamuliwa na mtu asiyekuuliza kama unataka.
Nikajiona nimeiva.

Bibi Refugio alikuwa mezani, anachambua letusi.
Kesho karamu ya parokia, na daftari la kanisa
lilisema kile linachosema kila mwaka:
Villalpando, saladi ya tako, mabakuli mawili.
Nyama ya kusaga ilishakaangwa na bizari ya pakiti,
maharagwe ya kopo yalishachujwa,
chipsi za mahindi zilingoja kupondwa ndani ya mfuko wao,
na ile chupa ya mchuzi mwekundu,
mtamu kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Nikasema, Bibi, hiki si chakula chetu.
Akasema, nipe bakuli kubwa.
Nikasema, Meksiko hakuna anayekula hivi.
Akasema, Meksiko nimekwenda mara mbili, zote mazikoni,
na mazikoni mtu hula anachopewa.

Sikukoma. Mwenye neno jipya hana breki.
Nikamweleza mahindi yanavyolazwa katika maji ya chokaa,
yanavyoamka asubuhi yamevua maganda,
yanavyosagwa juu ya jiwe, si mashine, jiwe,
maana mkono una kumbukumbu.
Nikafunga kama wanavyofunga wahubiri:
mwacha asili ni mtumwa.

Akajifuta mikono kwenye aproni.
Akaenda mlango wa nyuma, ule usiokubali kukaa wazi,
akasukuma kwa mguu kitu kilichouzuia.
Mlango ukajibamiza.
Libebe, akasema.
Jiwe. Miguu mitatu mifupi, mgongo umebonyea
kama godoro la mtu aliyeugua miaka.
Tangu nijifunze kutembea nimejikwaa juu yake,
sikuwahi kuliuliza jina.
La mama yangu, Eulalia. Lilikuja kwa treni kutoka Zakatekas
limeviringishwa ndani ya shuka la harusi.
Haya. Chemsha mahindi yako.

Saa kumi za usiku akaniamsha kwa kidole kimoja.
Nikapiga magoti sakafuni.
Saa ya kwanza nikapata donge la kujaza ngumi.
Saa ya pili magoti yakaanza kusema peke yao.
Bibi kitini, kahawa mkononi, kimya.
Kisha: Tulikuwa kumi na wawili nyumba hii,
wanaume wa mashamba ya viazi sukari, na sisi watoto.
Kila mdomo tortila sita.
Nikapiga hesabu. Sikulipenda jibu.

Siku duka la Lindgren lilipoleta unga wa gunia,
mama alilinyanyua hilo jiwe peke yake,
akaliweka mlangoni, akarudi kitandani,
akalala mpaka jua likapanda juu ya kiwanda.
Baba alidhani amekufa.
Hebu nirudie, ile ya mtumwa inasemaje?

Nilipata tortila nne. Moja iliungua.
Tatu tulizila kwa chumvi, tumesimama jikoni,
na sitadanganya: sijaonja kitu kama kile.
Yeye naye alifumba macho, akatafuna taratibu,
akalitaja jina la mama yake mara moja, kwa sauti ya mtoto.
Halafu akatazama saa ya ukutani.
Ponda chipsi, akasema.

Parokiani bakuli la kwanza liliisha kabla ya sala kwisha.
Mzee Kasimiro alikuwa akilikwangua la pili
mgeni mmoja alipouliza, kwa adabu, huku anatafuna,
kama hiki ndicho chakula cha Kimeksiko hasa.
Meza nzima ikanigeukia, msomi.
Nikafungua mdomo.
Letusi ilikuwa imenasa kwenye jino.

Jioni nililirudisha jiwe mahali pake.
Mlango ukakaa wazi,
ikaingia harufu ya kiwanda cha sukari,
nusu asali, nusu uozo,
ambayo kwa mtu yeyote wa hapa
ni harufu ya nyumbani.