Tone la Dunga

Awino aliyateka maji haya Dunga, penye mafunjo,
kwa chupa iliyokuwa ya siki.
Siku tisa yamelala dirishani na nyasi kavu.
Chungulieni hadubini, mmoja mmoja.

Wawili wale wamegandamana, mdomo kwa mdomo.
Malaika wao bado wanapiga maji
kama makasia yasiyojua safari imesimama.
Kidato cha tatu, msicheke.

Kiini kikubwa, kilichoamuru kula na kuogelea,
kinakatika, kinayeyuka kama sukari guru.
Kile kidogo, bubu siku zote,
kinagawanyika: vinne.
Vitatu vinakufa.
Kilichosalia kinapasuka pacha,
pacha mmoja abaki nyumbani,
mwenzake avuke kwa jirani.

Kesho wataachana.
Hakuna mtoto. Walikuwa wawili, ni wawili,
ila hakuna hata mmoja aliye yule aliyekuja.

Kengele. Wametoka wote, viti shaghalabaghala.
Nafuta kioo kwa pindo la koti.
Mwaka wa kumi na mbili tangu Obiero ahamie Eldoreti,
na mimi bado nala omena bila chumvi,
kama alivyopenda yeye.
Sijui
alivuka na nini changu.