Hii Sijui ya Wapi

Njiku wa chuma chakavu amefika na mizani yake,
ameitundika kwenye komeo la stoo.
"Dada Mkunde, chuma ni chuma.
Injini bei yake mbali, fremu bei yake mbali.
Hicho kiti sikitaki, kamfugie kuku."

Kuku alishajifugia mwenyewe. Anatamia humo.

Mwaka wa kumi na moja huu
pikipiki ya baba imelala ubavu hapa Pasua
kama mgonjwa aliyepasuliwa tumbo,
daktari akatoka kidogo kunywa chai.
Daktari ni kaka yangu, Kundaeli.
Jumamosi alivua cheni, Jumapili ekzosi,
Jumatatu akaitwa kazini Mererani,
akaacha spana namba kumi na saba sakafuni, mdomo wazi.

Kila Desemba anarudi, kama watu wote wanavyorudi.
Anakula ndafu, anachungulia stoo,
anasema, "Mwakani."

Ndiyo iliyompandisha baba Kibosho, Uru, Mweka,
bwana shamba, bomba la dawa mgongoni,
akikagua chulebuni na kutu ya majani.
Ushirika ulimkata mshahara miezi thelathini na sita.
Hadi leo, kwenye mkunjo wa madigadi,
kuna ubuluu wa mrututu usiotoka kwa sabuni.

Nisidanganye: mimi hakunipakia.
"Mtoto wa kike ataungua na ekzosi," alisema.
Kundaeli alikaa mbele, juu ya tangi, miguu hewani.
Mimi nilifungua geti.
Nilikuwa hodari wa geti. Nikisikia mlio kule kona ya mashine ya kusaga,
nilikuwa nimeshaondoa komeo.

Wiki jana nilimwita fundi Hatibu kutoka Majengo.
Alichuchumaa, akakandamiza kiki kwa kiganja. Haikwenda.
"Pistoni imeganda. Ringi hamna kitu.
Kwa hela hiyo, mama, jazia kidogo uchukue ya Kichina, mpya, na risiti."
Akanyamaza.
Akapangusa kioo cha taa kwa pindo la shati lake,
taratibu, mpaka kikamwonyesha uso.
"Ila hawa watu walijua kutengeneza."
Hakunidai nauli.

Mama asubuhi: "Uza. Tupate mpangaji, alipe umeme."
Mama jioni: "Usiuze kabla sijakwambia."

Basi leo, Njiku akisubiri juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nimeteremsha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati.
Nati na bolti zote zimo, kila moja kwenye karatasi ya daftari la hesabu,
na mwandiko wa Kundaeli, ule wa kulalia nyuma:
*Madigadi ya nyuma.*
*Chini ya betri, kushoto.*
*USICHANGANYE.*
Na chini kabisa, bolti moja fupi, kichwa kimelika:
*Hii sijui ya wapi.*

Nimecheka hadi Njiku akasimama.
Miaka kumi na moja namngoja mtu anayejua,
kumbe hata yeye alifika mahali akaandika hivyo,
akaikunja karatasi, akaenda zake.

"Sasa dada, tunapima au hatupimi?"
Tunapima.
Nimempa ekzosi.
Kilo tatu na robo, kutu pamoja na masizi,
amenihesabia noti mkononi, nimezisokota kwenye upindo wa khanga.

Kiti, kuku aangue kwanza.
Injini sijaamua.
Ila gurudumu la mbele nimeliona jinsi linavyoingia,
na spana ilikuwa palepale, nimeipuliza vumbi tu.
Nimekaza upande mmoja, nikakaza wa pili,
kucha imekatika, damu kidogo,
na ile bolti fupi nimeitia mfukoni pamoja na funguo.

Haitawaka leo. Sijasema itawaka.
Nataka iende kwa kusukumwa, itoke kivulini,
niione yote kwa mara moja juani.

Njiku, weka mizani chini.
Kimbia mbele yangu,
nifungulie geti.