Dunia ya Chungwa
(Qaanaaq, Grinlandi)

Desemba haina jua,
Oktoba lilishatua,
taa zote twafungua
saa sita darasani.

Mwezi nao haulali,
wazunguka toka mbali
juu ya barafu kali
siku kadhaa angani.

Wapita nyuma ya duka,
kanisani waibuka,
mbwa wetu wanashtuka,
wabweka minyororoni.

Ivalu akauliza,
"Mbona Jua latubeza
na Mwezi katika giza
hautoki dirishani?"

Mwalimu wetu Aleqa
chungwa moja akaweka
la ndege iliyofika
Jumanne, pale mezani.

"Ni Dunia," alisema,
"ya bahari na milima,
na ninyi mnaohema
mko hapa, kileleni.

Mwezi ni huu ushanga
mweupe mithili unga;
shanga nne ukipanga
zavuka chungwa tumboni."

Pavia kausogeza
chungwani, kaegemeza.
Aleqa: "Bado! Ongeza,
ongeza, toka mezani!"

Akapita penye jiko,
akairuka mifuko,
"Bado?" "Bado!" Kwa kicheko
kasimama mlangoni.

"Hapo! Sasa ni kamili.
Kati ya hivi viwili
ukipanga, tena kweli,
machungwa ni thelathini."

Kisha tochi akawasha:
"Jua." Akalizungusha
chungwa, akalinamisha,
kilele chetu gizani.

"Mwezi ujaapo, huwa
upande usio Jua;
nuru yake ya kupewa
yatufikia usoni.

Chungwa linapozunguka
sisi ndio twageuka;
tukadhani watoroka
huo Mwezi, u mbioni!"

"Na mbwa?" Nivi kasema.
"Hakuna anayehema,
wala upepo kuvuma:
vumbi, na mashimo chini."

Kengele. Tukagawana
Dunia, pande kwa mwana,
tamu, na baridi sana,
mbegu zake kiganjani.

Ivalu hakula lake,
katia mfuko wake,
apeleke kwa babake
arudiye mawindoni.

Usiku akamwambia,
"Onja, baba, ni Dunia."
Na Mwezi ukapitia
tena, pale dirishani.