Mchepuko wa Slanodol

Kigingi cha kwanza walikipiga nyuma ya banda la kuku
mwaka nilipong'oka meno ya mbele.
Kichwa chekundu, namba mia moja na kumi na nne.
Bwana mmoja mwenye suruali ya kodrai akamwambia mama:
Usipande kitu cha kudumu hapa.
Barabara inapita. Miaka miwili, ikizidi mitatu.

Mama alitii. Alipanda vitunguu,
mwaka uliofuata vitunguu, maharage, tena vitunguu,
vitu vya kung'oka upesi,
kama mtu aliyekalia sanduku lake stesheni.

Jirani yetu Radko hakutii.
Alichimba mashimo tisa juu ya mstari wenyewe,
akafukia miche ya mijozi.
"Mjozi huzaa baada ya miaka kumi," alisema,
"tuone nani atatangulia."

Barabara tuliyo nayo ni moja, nyembamba,
imeikaza Slanodol katikati
kama mshipi kwenye tumbo lililoshiba.
Julai yote haipumui:
magari ya Sofia yenye maboya juu, mabasi ya Wapolandi,
na malori, malori ya bandarini,
ya saruji, ya matikiti, ya vioo.
Chumba namba tatu kina ufa kutoka dirishani hadi kwenye taa.
Kila msimu naupiga lipu, kila msimu unarudi
umerefuka kwa kidole.
Wageni huniuliza, bahari inasikika kutoka hapa?
Saa kumi alfajiri, nawajibu, kwa dakika kumi na moja.

Duka la mikate liko ng'ambo.
Bibi Tsvetana alizoea kuvuka akiwa ameinua mkate juu
ili madereva wamwone.
Agosti moja, dereva hakumwona.
Tulipomzika tuliziba barabara kwa viti vya ufukweni,
saa nne tu, mpaka naibu waziri akaja,
akala samaki wa kukaanga, akaahidi.
Ahadi ni deni; lakini huyu hakuwa mgeni wa kwanza
kuondoka Slanodol bila kulipa.

Kwenye ramani inaitwa mchepuko,
na wahuni wa baa ya Gancho hawajachoka kulicheka jina hilo:
mpenzi wa pembeni gani huyu,
tunasemwa naye, tunagharamika kwa ajili yake,
na hakuna aliyewahi kumshika mkono?

Mimi, nikisema kweli, nawaza na upande wa pili.
Nusu ya wageni wangu hawakunichagua.
Walichoka foleni, mtoto akatapika,
wakaona kibao: VYUMBA VIPO.
Malori yakihamia kule mlimani
nani atatapika mbele ya mlango wangu?
Usiku ufa ukinguruma, naomba mchepuko uje.
Asubuhi nikihesabu taulo, naomba uchelewe kidogo.
Subira huvuta heri, wanasema. Sijui
ni heri ipi ninayoivuta.

Wiki ya Pasaka alikuja binti, Ralitsa, mpima,
na chombo cha miguu mitatu, ramani ndani ya simu.
Kigingi kilipopigwa alikuwa hajazaliwa.
Aliuliza kiko wapi. Nikamwonyesha:
kinazuia mlango wa banda usibamizwe na upepo,
wekundu umebaki kama wa kucha iliyopakwa zamani.
Akakipiga picha, kwa heshima, kama kaburi.
Kisha akaingia kwenye mijozi,
akafunga utepe wa rangi ya chungwa kila shina, tisa.
Radko hakugombana. Alimjazia mfuko jozi za mwaka jana.
"Miaka miwili," binti alisema. "Ikizidi mitatu."
Radko akacheka mpaka akashika ua,
kisha akaenda kutafuta jembe.

Binti akaingia garini aondoke.
Niliiona taa yake ya kushoto ikipepesa,
ikipepesa, akisubiri upenyo aingie barabarani.
Nilitandika vyumba vinne.
Nilipotoka tena alikuwa palepale,
akivunja jozi kwa mlango wa gari.