Ufito Mwekundu wa Dukani kwa Tweve

Unaning'inia pale Kibao tangu mwaka juzi,
kati ya tochi na mapanga,
ufito mwekundu wenye gurudumu la kukunjia uzi.
Elfu themanini na tano. Tweve hapunguzi.
Odilo akiutazama hasemi neno,
ananing'inia na yeye.

Mimi nachuma chai.
Kilo naijua kwa mgongo, na bei ya kilo kwa vidole.
Nikamwambia: mwanangu, tuhesabu
kipi kinanunuliwa, kipi kinaokotwa.

Mwanzi tuliukata nyuma ya nyumba.
Mama mkwe akatoka mbio, kikombe mkononi:
"Mnakata ulanzi wangu!"
Nikamwonyesha: mkongwe huu,
umekauka kichwa, hautoi tena hata tone.
Akaugonga kwa ukucha. Akasikiliza.
Akarudi ndani bila kusema mmefanya vema au vibaya.
Tukauning'iniza jikoni, jiwe likiuvuta chini unyooke,
wiki tatu za moshi,
maana ukungu wa Mufindi haukaushi kitu.

Chelezo tulikata kwenye kandambili
aliyoiacha baba yake alipokwenda Tunduma kutafuta kazi,
ile ya kushoto.
Ya kulia ilishakuwa bawaba ya mlango wa kuku.
Chubwi: plagi mbovu ya pikipiki ya Vitusi.
Uzi: nyuzi za kiroba cha mbolea,
nilizisokota pajani hadi paja likawasha.
Na ndoano, jamani, ndoano
tuliitoa kwenye spoku ya baiskeli,
makaa, koleo, tupa ya kuazima,
Odilo akipuliza, mashavu kama chura.
Tulipomaliza tukaiweka juu ya sahani
kama watu waliopika.

Jumamosi, Ngwazi. Baridi ya kuuma meno.
Ukungu umelala juu ya maji, hautaki kuamka.
Kandambili ikatikisika.
Ikatikisika tena.
Ikazama.
Odilo akavuta kwa mwili wote, mwanzi ukajipinda,
moyo wangu nao,
kisha pwa!
Ndoano ikarudi imenyooka
kama shahidi aliyekana kila kitu.

Hakulia.
"Mama," alisema, "alikuwa mzito."
Neno hilo, mzito,
nililibeba wiki nzima pamoja na kikapu
hadi kwenye mizani ya karani.

Basi nikajua pa kubana na pa kulegeza.
Mwanzi Mungu ameotesha, chubwi ni chuma chochote,
lakini ncha na uzi
ndivyo vinavyoshikana na samaki gizani,
wewe ukiwa huoni.
Nikaenda kwa Tweve.
Ndoano mbili ndogo, mia mbili mbili.
Niliziburuza juu ya ukucha moja baada ya nyingine:
inayoteleza ni butu, nikamrudishia.
Uzi wa nailoni, pima tano, elfu moja.
Akanipimia kwa mkono,
na Tweve ana mkono mfupi.
"Rudia," nikasema, "na unyooshe kiwiko."
Watu dukani wakacheka. Akarudia.
Odilo, kichwa juu, alikuwa bado kwenye ule mwekundu.

Jumapili baada ya misa tulizunguka bwawa
kutafuta upande usio na upepo.
Nyuma ya matete kulikuwa na mtu
amekalia ndoo iliyopinduliwa, koti la kanisani mgongoni.
Mkononi mwanzi mweusi kwa moshi,
mkongwe kuliko wetu, umefungwa raba ya tairi katikati.
Chelezo chake kilikuwa gunzi la hindi.

Nilitaka tupite kimya, kwa heshima.
Mtoto hana breki.
"Shikamoo, mzee Tweve. Na ule mwekundu?"

"Marahaba," akasema,
macho hayajatoka kwenye gunzi.
"Ule ni wa kuuza."