Kilo Hamsini na Mbili

Inawaka. Hilo sibishani nalo.
Nageuza ufunguo, inakohoa mara moja,
inatoa moshi wa buluu kama mtu aliyeamshwa mapema,
kisha inanguruma, na kuku wa Delmar wanatawanyika.
Shida ni kukaa. Kuwaka inawaka; kukaa haitaki.
Tunafika kwenye sanduku la barua.
Zii.
Upande mmoja wa ua umenyolewa,
mwingine umebaki kama kichwa cha mtoto
aliyemtoroka kinyozi.

Mwezi wa Juni hapa Wisconsin jua halizami hadi saa tatu usiku.
Muda ninao.
Nimevaa ovaroli ya Orvin, mikono nimeikunja mara tatu.

Nikaanza na petroli, maana tumbo kwanza.
Ilikuwa ya msimu uliopita, inanuka rangi ya kale.
Nikaimwaga galonini, nikatia mpya.
Sanduku la barua. Zii.
Filta: nikaiinua juani, ndani mashapo kama ya kahawa.
Dola sita dukani kwa Haugen. Zii.
Plagi: nyeusi tititi. Nikaisugua kwa brashi ya waya,
nikapima mwanya kwa kipimo kilichotundikwa
msumari wa tatu kutoka dirishani
(kila kitu chake kina msumari).
Cheche nzuri, ya samawati.
Zii.

Kabureta nilikuwa naiogopa.
Nikatandika taulo mezani, nikapanga skrubu
kwa utaratibu wa kutoka, kama nilivyomwona akifanya.
Nikazibua vitundu kwa uzi wa gitaa.
Nikaifunga. Ikabaki skrubu moja.
Nikaifungua.
Saa nane mchana iliwaka tamu hata nikajiambia,
Arlys, wewe fundi.
Fundi wa kufika kwenye sanduku la barua.

Delmar akaja na mjukuu wake, Brody,
miaka kumi na saba, shingo hana.
Kijana akapanda. Akapita sanduku la barua,
akazunguka, akapita tena, akanipungia mkono.
Nikapanda mimi.
Zii.
"Bibi Tostrud," akasema, "mashine haiumwi,"
kisha akatazama viatu vyake.

Pale kwenye sanduku pana kinundu, mzizi wa mti tuliokwishaukata.
Gurudumu likikipanda, nanyanyuka kidogo, kiasi cha ukurasa.
Na chini ya kiti pana swichi, saizi ya kidole gumba,
isiyo na kazi nyingine ila kuuliza: kuna mtu?
Mwenye kiti akianguka, visu visimame.
Kichwa chake kimelika miaka kumi na tisa chini ya Orvin,
mtu wa kilo mia na tano, na spana mfukoni.
Mimi nilikuwa sitini na moja.
Tangu Februari, hamsini na mbili.
Kwa hiyo inauliza, haisikii jibu, inazima.
Siku nzima nimeichokonoa koo,
kumbe ilikuwa inasema kweli kwa jinsi ijuavyo.

Delmar akatoa kipande cha waya.
Tuiruke swichi, dakika mbili tu.
Nikamwambia ndugu yake Orvin ana vidole viwili mguu wa kushoto,
na hakuzaliwa navyo viwili.
Akaurudisha waya mfukoni.

Swichi mpya inakuja Alhamisi. Nyasi hazijui Alhamisi.
Nikashuka chini ya nyumba, nikaburuta mfuko
wa chumvi ya kulainishia maji, kilo kumi na nane,
nikaupakata mapajani kama mtoto wa mtu.
Brody akacheka. Akaacha.
Ufunguo. Kikohozi. Moshi.
Kinundu kikaja, tukakipanda, mimi na chumvi,
tukakishuka upande wa pili
inanguruma.

Nilikata hadi giza likanifukuza.
Nikachemsha viazi, nikala viwili, kama kawaida.
Nikakaa.
Nikala cha tatu.