Mizani Isiyojua Kunyamaza

Saa nane usiku, Kirumba. Umeme umerudi,
feni inakokota joto lile lile toka pembe hii hadi ile.
Mezani kuna mizani ya Nyanzobe, muuza dagaa,
imeoshwa mara mbili na bado inanuka mwalo.
Waya wake umeingia ubavuni mwa kompyuta yangu.
Nimeiandikia moduli, mistari mia na arobaini,
ikakae ndani ya kiini, chini kabisa,
huko ambako kosa la nukta moja huzima nyumba nzima.

Naweka sado moja. Naiambia: soma.

kilo 1.2
kilo 1.2
kilo 1.2
kilo 1.2

na skrini inamwagika, namba zinapanda
kama wale wadudu wa ziwa wanaosimamisha nguzo za moshi juu ya maji.
Naikatiza kwa vidole viwili.
Nauliza tena. Inaanza tena.

Nililaumu waya, nikabadili waya.
Nililaumu umeme, maana huo haujitetei.
Nikamlaumu Masunga aliyelehemu, akiwa amelala kwao Nyakato
hajui kama anasemwa.
Mwisho nikapanda alama njiani: nimepita hapa, nimepita hapa,
nikafungua kumbukumbu za kiini, nikasoma:
nimeitwa, nimetoa herufi tisa.
Nimeitwa, nimetoa herufi tisa.
Nimeitwa.

Kumbe msomaji hana kosa.
Yeye huuliza tu, kwa adabu, "Ipo nyingine?"
na moduli yangu, mkarimu mpumbavu,
humpakulia upya kutoka herufi ya kwanza.
Hakuna aliyeifundisha kusema sifuri.

Nyanzobe anapohesabu madebe
huchomeka kidole pale alipofika.
Aje mteja, aje mdai, aje mtoto analilia hela ya daftari,
kidole hakitoki.
Gunia likiisha analigeuza, analikung'uta mbele yako:
umeona mwenyewe.

Basi nikaipa moduli kidole.
Kikifika mwisho, rudisha sifuri.
Soma: kilo 1.2, mara moja, kisha kishale kikapepesa macho
nami nikapiga meza kwa furaha hadi jirani akagonga ukuta.

Soma tena.
Kimya.
Soma.
Kimya, kama gunia lililokwisha kung'utwa.

Nilikuwa nimechonga kidole kimoja kwa wasomaji wote,
wa kwanza akakifikisha mwisho, waliofuata wakakuta pakavu.
Nikarudi kwenye mabano, kwenye hoja ya nne,
ile niliyoipokea kila mara bila hata kuitazama:
kila afunguaye faili huja na kidole chake.
Kiini kilikuwa kinanikabidhi tangu mstari wa kwanza
na mimi nachonga cha mti.

Nikafuta changu. Nikashika nilichopewa.

Alfajiri mawe ya Mabatini yalianza kuonekana, moja moja,
na Nyanzobe akabisha hodi akiwa na ndoo kichwani.
"Mwangaluka. Imepona?"
Nikaweka sado. kilo 1.2.
Akangoja. Akainamisha sikio, kana kwamba kuna la ziada.
"Ndiyo basi?"
"Ndiyo basi."
"Na nikiiuliza tena?"
"Itakujibu tena. Mara moja."
Akaitazama mizani, akanitazama macho yangu mekundu,
akaniuliza hiyo sifuri
nimemtoza shilingi ngapi.